Maktaba isiyo na vitabu

"Mjomba, yasema maktaba haipatikani," mpwa wangu aliniambia juzi barazani Kuze, kompyuta mapajani. Programu aliyoiweka muda huo huo ilikuwa imegoma kufunguka. Bibi yake akadakia: "Si uende huko maktaba ukaangalie?"

Bibi hakukosea. Maktaba ni neno la Kiarabu, la mzizi k-t-b uliotupa pia kitabu na katibu, na umbo lake ni la mahali, sawa na madrasa na mahakama. Lakini maktaba ya mafundi wa Linux haina kitabu hata kimoja. Ni faili lenye kazi zilizokwisha kuandikwa, ambalo programu nyingi hulitegemea badala ya kila moja kuja na lake. Mimi naliona kama mbuzi ya nazi: nyumba ina moja, wapishi wote huikalia (ila maktaba huwabeba wote kwa wakati mmoja).

Mpwa aliandika amri ya ldd na njia ya faili la programu. Orodha ya maktaba inazozihitaji ikashuka, na iliyokosekana ikawa libssl.so.1.1. Linux yake, Ubuntu 22.04, ina libssl.so.3. Alitaka kuibandika ya 3 jina la 1.1, nikamkataza: ya ndani hayafanani. Akatafuta toleo jipya la programu, lililojengwa juu ya ya 3, ikafunguka.

Wapo wanaoliita faili la namna hii "maktaba shirikishi". Shirikishi ni lile linalowashirikisha wengine. Hili latumiwa tu. Mimi naandika maktaba ya pamoja.