Nguo, Chai na M-Pesa: Miito ya Kususia Katika Nchi ya Wagusii

Mwaka 1913, huko Alego karibu na Ziwa Victoria, Onyango Dunde alitangaza kwamba alimezwa na joka la ziwani kisha likamtema akiwa mzima. Joka hilo, Mumbo, lilikuwa limempa ujumbe: watu wavue nguo za kizungu wavae ngozi, wasinyoe nywele wala kuziosha, wasihangaike na kulima. Mifugo ingetoka ziwani, na Wazungu wangetoweka.

Mwaka uliofuata ujumbe ulifika Gusii, nchi ya vilima kusini-magharibi mwa Kenya, ukakuta watu wenye kidonda kibichi. Mwaka 1908 Mgusii mmoja, Otenyo, alikuwa amemchoma mkuki afisa wa serikali, Northcote, na askari waliotumwa kulipiza kisasi wakachoma nyumba na kuswaga ng'ombe. Kisha, Septemba 1914, mwanzoni mwa Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani waliingia mji wa Kisii na Waingereza wakaukimbia mji. Kwa siku chache kila mtu aliona kwa macho yake kwamba Mumbo alisema kweli. Watu walipora mji, wakapora na misheni za Nyabururu na Nyanchwa. Waingereza waliporudi, walitoza faini ya ng'ombe.

Ni rahisi leo kuucheka wito wa kuacha nywele ziote. Lakini nguo ya dukani ilidai pesa, na pesa ilipatikana kwa kwenda kumfanyia Mzungu kazi. Aliyerudi kwenye ngozi ya mbuzi wake mwenyewe alikuwa amejitoa katika mnyororo wote huo, na serikali ililijua hilo vizuri. Mapema miaka ya 1920 iliwatoa viongozi wa Mumbo Gusii na kuwapeleka uhamishoni pwani, Lamu. Dini hiyo iliibuka tena katika miaka ya 1930, na mwaka 1954 ikawekwa katika orodha ya vyama vilivyopigwa marufuku.

Miaka hiyohiyo ya 1930 kulikuwa na kususia kwingine ambako hakukuhitaji nabii. Serikali iliporuhusu Waafrika wa Kisii na Meru kujaribu kulima kahawa, Wagusii wengi walikataa. Uvumi ulienea kwamba shamba likishapandwa kahawa, Mzungu atalitaka. Hofu hiyo ilikuwa na msingi, kwa kuwa sehemu kubwa ya nyanda za juu za Kenya ilikuwa imechukuliwa na Wazungu mbele ya macho yao. Chifu Musa Nyandusi wa Nyaribari, eneo ambalo ndani yake umo mji wa Masimba, alikuwa miongoni mwa waliotangulia kupanda. Majirani walingoja waone. Shamba halikuchukuliwa, pesa ziliingia, na mgomo ukayeyuka bila mtu kuutangaza umekwisha.

Susio lililodumu kuliko yote Gusii, hata hivyo, ni la kikombe cha chai. Waadventista wa Sabato walifika Gendia, karibu na Ziwa Victoria, mwaka 1906 na baadaye wakajenga Nyanchwa, na kanisa lao likawa na mizizi mirefu katika vilima hivi. Mafundisho yao ya afya yanawataka waumini waache pombe, tumbaku, kahawa na chai. Kuanzia miaka ya 1950 majani ya chai yakaenea kwenye vilima hivyohivyo. Leo upande wa Masimba na Kiamokama unaweza kumkuta mama Mwadventista akichuma majani mawili na kichipukizi chake, akiyatupa kikapuni mgongoni, akiyapeleka kwenye mizani ya kituo cha kununulia, kisha akirudi nyumbani kumkaribisha mgeni kwa uji, maziwa au kinywaji cha soya. Jumamosi hachumi kabisa. Wageni hutania kwamba hapa chai inalimwa na wasioinywa. Utani huo una heshima ndani yake, maana si kila mtu anaweza kugusa jani hilo mwaka mzima bila kulitia sufuriani. Wanaoweza wanasaidiwa na mambo mawili: mbadala uko jikoni, na jirani naye anashika mwiko uleule.

Mambo hayo mawili hayakupatikana pamoja Novemba 3, 2017. Siku hiyo muungano wa upinzani, NASA, uliwataka wafuasi wake wasusie kampuni ya simu ya Safaricom, maziwa ya Brookside na bidhaa za Bidco. Uchaguzi wa Agosti ulikuwa umefutwa na Mahakama ya Juu, na mgombea wa NASA, Raila Odinga, alikuwa amesusia ule wa marudio wa Oktoba 26. Upinzani uliishutumu Safaricom kuhusu usafirishaji wa matokeo, kampuni ikakanusha.

Kwa mkazi wa Masimba, maziwa yalikuwa rahisi: ng'ombe yuko nyuma ya nyumba. Mafuta ya kupikia ya Bidco hayakuwa magumu sana, kwani rafu ya duka huwa na chapa nyingine. Simu ndiyo iliyozua vicheko. Safaricom ilikuwa na zaidi ya theluthi mbili ya laini zote nchini, kwa hiyo hata wito wa kuisusia ulipita kwenye mitambo yake. M-Pesa, huduma yake ya kutuma pesa kwa simu iliyoanza mwaka 2007, ilikuwa njia ya karo, ya matanga na ya pesa anazotuma mtoto kutoka Nairobi. Wakenya waliufanyia wito huo mizaha mitandaoni na kwenye matatu, wafuasi wa NASA wakiwemo. Wengine walinunua laini ya kampuni pinzani, Airtel, wakaitia kwenye nafasi ya pili ya simu, na ile ya kwanza wakaiacha palepale.

Gusii yenyewe ilikuwa imegawanyika kati ya Jubilee, chama tawala cha wakati huo, na NASA, hivyo katika boma moja aliyesusia na asiyesusia walikula meza moja. Mwiko wa namna hiyo hauna wa kuulinda. Machi 9, 2018, Raila na Rais Uhuru Kenyatta walipeana mikono kwenye ngazi za Jumba la Harambee, na mazungumzo ya kususia yakafifia. Laini za Airtel zilibaki kwenye simu nyingi, zikitumiwa kwa vifurushi vya bei nafuu.