Ugonjwa sugu wa ngozi kwa mbwa mzee: Tafuta kiini kabla ya dawa

MBWA aliyelinda boma kwa miaka minane au kumi anapoanza kunyonyoka manyoya na kujikuna usiku kucha, baadhi ya wafugaji hukimbilia dawa ya josho la ng'ombe. Wengine humpaka oili chafu ya gari.

Njia zote mbili ni hatari. Mbwa huiramba oili hiyo pamoja na kemikali zilizomo, nayo dawa ya josho isiyopimwa ipasavyo humfanya atetemeke, atokwe na mate mengi na hata kufa. Tena hakuna hata moja inayojibu swali la msingi: ni nini kinachomsumbua?

Wadudu na kuvu

Viroboto huleta mwasho mkali mgongoni, karibu na mkia. Utitiri wa upele hupenda kingo za masikio, viwiko na tumbo; huambukiza mbwa wengine na huweza kuwawasha watu wa nyumbani. Choa, ambacho husababishwa na kuvu, huacha mabaka ya mviringo na huambukiza watoto wanaocheza na mbwa huyo.

Upo pia utitiri uitwao Demodex, unaoishi kwenye vinyweleo vya mbwa wengi bila madhara. Mtoto wa mbwa huupata kwa mamake siku chache baada ya kuzaliwa. Ukizaana kupita kiasi kwa mbwa mzee, mara nyingi ni ishara kuwa kinga ya mwili wake imedhoofika.

Ugonjwa uliojificha

Hapa ndipo mbwa mzee anapotofautiana na mchanga. Tezi ya shingoni ikipunguza kazi, mbwa hunenepa, huwa mvivu, hutafuta joto na kunyonyoka manyoya pande zote mbili za mwili, mara nyingi bila kujikuna. Tezi zilizo karibu na figo zikizidisha homoni, hunywa maji mengi, hukojoa mara kwa mara, tumbo hulegea na ngozi huwa nyembamba. Saratani nayo huweza kudhoofisha kinga. Kutibu ngozi pekee katika hali kama hizi ni kukata matawi na kuacha mzizi.

Vipimo

Daktari wa mifugo hukwangua ngozi kwa wembe na kutazama ukwanguzi huo kwa hadubini. Utitiri wa upele waweza kukosekana katika kipimo ilhali upo, hivyo daktari huweza kuanza tiba kwa kufuata dalili. Damu hupimwa iwapo anashuku tezi.

Wakazi wa eneo hili wana kitivo cha tiba ya mifugo katika Chuo Kikuu cha Egerton, Njoro. Hakikisha anayemtibu mbwa wako amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo nchini, kama inavyotakiwa na sheria ya mwaka wa 2011.

Tiba na tahadhari

Ivermektini ya ng'ombe isidungwe kwa kukisia. Mbwa wa jamii ya Collie, na machotara wao, huweza kufa kwa kipimo ambacho wengine hukistahimili. Sindano za steroidi hutuliza mwasho kwa muda, lakini huzidisha Demodex.

Pareto, zao lililoipa Nakuru sifa kwa miaka mingi, hutoa sumu inayoua viroboto, ila haimalizi utitiri uliojificha vinyweleoni. Permethrini, iliyobuniwa kwa mfano wa sumu hiyo, isimguse paka kamwe.

Tibu mbwa wote wa boma kwa pamoja iwapo ni viroboto au upele. Fua au choma matandiko, kwa kuwa mayai ya viroboto huanguka humo. Mwogeshe mchana jua likiwaka na umkaushe vizuri. Usiku wa Julai huko Molo ni baridi kali kwa mbwa asiye na manyoya.

Usiache dawa mara tu manyoya yanapoota. Tiba ya Demodex huendelea hadi ukwanguzi wa mara mbili, uliopishana kwa mwezi mmoja, uonyeshe kuwa hakuna utitiri. Mbwa akikataa chakula, akinuka vidonda au akidhoofika, mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo.