Furu: Mastaa wa Ziwa Walioondoka Kabla ya Kupewa Majina

Ukiwaona gupi kwenye tangi la kioo sebuleni kwa mtu, huyu mkia mwekundu, yule bluu, mwingine kama kavaa kitenge, jua kuna mtu kakaa chini akachagua. Gupi hatagi mayai, anazaa watoto wanaoogelea papo hapo. Mfugaji anamchukua dume mwenye rangi kali, anamweka na jike ambaye hajakutana na dume mwingine. Kwa nini? Jike wa gupi anaweza kuhifadhi mbegu za dume kwa miezi kadhaa. Ukichelewa kuwatenganisha, rangi uliyoitaka ndiyo basi tena.

Kumbe kazi hiyo ilishafanyika Ziwa Victoria bila tangi wala mfugaji! Enzi zile Biharamulo ilifika mpaka ziwani, kabla Chato haijamegwa kuwa wilaya, furu alikuwa kitoweo tu. Lakini ndani ya maji alikuwa staa. Wataalamu wanakadiria kulikuwa na aina zaidi ya 500, karibu zote zikiwa zimetokea ndani ya miaka 15,000 hivi, tangu ziwa lijae tena baada ya kukauka.

Mchaguzi alikuwa nani? Mama. Jike wa furu hubeba mayai mdomoni hadi watoto waanze kuogelea, na hatari ikitokea wanarudi humo humo. Kwa mzigo huo, hamkubali dume yeyote tu. Anaangalia rangi kwanza.

Mwaka 1985 furu mmoja, dume wake mgongo mwekundu na ubavu wa njano wenye mistari myeusi, alipewa jina la kisayansi nyererei, kwa heshima ya Mwalimu. Leo anafugwa kwenye matangi Ulaya na Marekani. Wenzake wengi hawakupata bahati hiyo. Sangara aliyepandikizwa ziwani miaka ya 1950 alifurika miaka ya 1980, akawafyeka furu, wengine hata jina la kisayansi hawajapewa.

Waliobaki wakakutana na adui wa pili: maji machafu. Watafiti waliweka majike wa nyererei kwenye tangi pamoja na madume wao wekundu na madume wa bluu wa aina jirani. Kwenye mwanga mweupe, jike alimchagua mwekundu wake. Taa ikibadilishwa rangi zisionekane, akachanganya. Matokeo ya mwaka 1997 yalionyesha hali hiyo hiyo ziwani: kwenye maji ya tope, rangi zinafifia na aina zinachanganyika. Hakuna aliyeliwa, lakini aina imepotea. Siku hizi furu wameongezeka tena sehemu kadhaa. Aina zilizopotea hazijarudi.

Na tope linatoka wapi? Linatoka juu, mashambani na milimani, na uchafu wa miji nao umo. Pale Rusumo, Ngara, Ruvubu unaungana na Kagera, mto mkubwa kuliko yote inayoingia Ziwa Victoria. Mvua ikikuta mlima hauna miti, udongo unashuka nao.

Mwenye gupi akiona maji yamechafuka, anabadilisha maji jioni hiyo hiyo. Ziwa halina wa kulibadilishia maji. Jike wa furu bado anachagua mume kwa macho, na usafi wa maji yake unaanzia kwenye shamba la mtu wa Ngara.