Matamshi ya Kireno Katika Vinywa Vyetu

Mwanafunzi asomaye habari za pwani yetu hukutana upesi na majina anayoona haya kuyatamka mbele ya wenzake. Hukuta jina João, akalisoma "Joao" kama liandikwavyo, na mwalimu akanyamaza kwa kuwa naye hana hakika. Walakini ufunguo wa matamshi hayo tunao tangu utotoni. Wazee wa pwani waliisikia lugha ya Wareno kwa masikio yao, tangu Vasco da Gama alipotia nanga Mombasa na Malindi mwaka 1498, na waliyoyasikia yamo katika Kiswahili hata leo.

Tazama neno meza. Wareno huandika mesa, lakini s iliyo kati ya irabu mbili kwao hutamkwa z. Aliyelipokea neno hili hakuona maandishi. Alisikia z, akasema z. Vinho, yaani divai, likawa mvinyo, kwa kuwa nh yao ni ny yetu. Caixa likawa kasha, maana x hapo ni sh. Lenço, kitambaa cha mkononi, likawa leso. Kialama kilicho chini ya c huigeuza kuwa s, ila ile sauti ya puani iliachwa njiani.

Neno lenye kisa kirefu ni gereza. Asili yake ni igreja, yaani kanisa. J ya Kireno si j yetu. Ni kama sh itolewayo kwa kutetemesha koo. Sauti hiyo Kiswahili hakina, basi wenyeji wakashika z iliyo jirani yake. Wareno walikuwa na makanisa ndani ya ngome zao, na jina likahama kutoka nyumba ya sala hata ngome yenyewe: ngome kongwe ya Kilwa Kisiwani ingali ikiitwa Gereza. Kisha likawafikia wafungwa. Fort Jesus ya Mombasa, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, Waingereza waliifanya jela tangu 1895 hata 1958.

Aliyeichora ngome hiyo alikuwa Mwitalia, Giovanni Battista Cairati, ambaye Wareno walimwita João Batista Cairato. Sasa waweza kumtaja. J ni ile ya igreja. O inayoifuata huelekea u. Na ão ni "au" ipitishwayo puani, kana kwamba msemaji ana mafua. Jaribu kwa sauti, hata wenzako wakicheka.