Udhibiti wa kodi ya pango (Tabora)
Udhibiti wa kodi ya pango ni utaratibu wa kisheria unaoweka ukomo wa kodi ya nyumba na kumkinga mpangaji asitolewe ovyo. Mjini Tabora, kitovu cha njia ya misafara iliyounganisha Bagamoyo na Ujiji, suala hili linagusa hasa nyumba ya Kiswahili, yaani nyumba yenye korido katikati na vyumba pande mbili, ambavyo mara nyingi hupangishwa kimoja kimoja huku wapangaji wakishiriki ua na choo. Chini ya sheria ya udhibiti ya mwaka 1984, mnunuzi wa nyumba ya namna hiyo alirithi wapangaji pamoja na kuta, na aliyetaka kuwaondoa alihitaji amri ya baraza la nyumba. Kwa hiyo bei ya haki haikuweza kukadiriwa kwa kutazama paa na msingi peke yake. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2005, na upangaji ukabaki chini ya Sheria ya Ardhi ya 1999, isiyoweka ukomo wa kodi. Hata hivyo, kwa kuwa kodi ya miezi sita au kumi na miwili imezoeleka kulipwa kwa mkupuo, mnunuzi asiyeuliza ni miezi mingapi muuzaji amekwisha kupokea hujikuta na vyumba vilivyojaa watu lakini visivyomwingizia chochote.