Tegesha: nyumba zilizojengwa zihesabiwe

Bomoabomoa ya Komarera, jirani na mgodi wa dhahabu wa North Mara, miaka ya 2022 na 2023, ilirudisha vinywani neno ambalo watu wa Nyamongo, eneo la mgodi huo, wamelizoea: tegesha, yaani kujenga upesi ili kulipwa fidia.

Zamani mji wa Mkurya, mwenyeji wa eneo hili, ulipangwa kwa ng'ombe: zizi katikati, nyumba zikilizunguka. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ikataka kaya zikae pamoja. Wachimbaji wadogo wakafungua maduara, mashimo yao ya dhahabu, kando ya mashamba. Mwaka 2002 mgodi mkubwa ukaanza uzalishaji, ukapita kwa Placer Dome, Barrick, Acacia, kisha Barrick tena mwaka 2019. Shimo lake la Nyabirama likapanuka, vifusi vikawa vilima.

Tegesha ilizaliwa na fidia. Sheria za ardhi za 1999 zinataka fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati. Mthamini hahesabu ardhi peke yake. Huhesabu pia jengo na mimea, kisha huongeza posho ya usumbufu. Watu wakalielewa hilo vizuri sana. Tetesi za mgodi kupanuka zikivuma, malisho huota vijumba: fito nyembamba, udongo uliokandikwa upesi, bati jipya juu. Ndani hakuna majivu. Nje hakuna choo, wala njia iliyokanyagwa na watoto. Hata miche hupandwa ikibanana, maana kinachohesabiwa ni shina, tunda halisubiriwi.

Ni ujanja, hilo halina ubishi. Lakini ugomvi mkubwa ni nyumba ipi iitwe tegesha. Kijana anayeoa hujenga kwenye mji wa baba yake, kama walivyofanya kaka zake. Akijenga baada ya tathmini kutangazwa, naye anatiwa kapu moja na mtegeshaji aliyetoka mbali. Hapo haki hupotea. Tathmini ikishatangazwa, kumkataza mtu kubadilisha paa linalovuja au kupanda migomba, huku siku ya malipo haijulikani, ni kumsimamishia maisha.

Sheria ya uthamini ya 2016 imejaribu kuubana muda huo: tathmini isiyolipwa ndani ya miaka 2 hurudiwa. Kwa mkulima, miaka 2 ni misimu mingi ya kungoja.

Nyumba ikivunjwa, cha kwanza kuokolewa ni bati. Hunyooshwa kwa nyundo, likafungwa nyuma ya bodaboda, likaenda kuezeka kwingine na matundu yake ya misumari.