Swali la Githunguri

Tukiwa wadogo mwalimu alikuwa anauliza, "Ukikua utakuwa nani?" Ukisema rubani ama daktari, unapigiwa makofi. Hakuna siku tuliulizwa Kenya yenyewe itakuwa vipi.

Githunguri waliuliza. Mwaka 1939 Mbiyu Koinange, aliyekuwa amesomea Marekani, alifungua pale chuo cha kufunza walimu wa shule huru, zile Wakikuyu walijijengea baada ya kuachana na wamishenari. Watu walichanga pesa rika kwa rika. Serikali ilipendelea Mwafrika afunzwe kazi za mikono. Wao walitaka watoto watakaojitawala.

Mwaka 1952 chuo kikafungwa. Baadaye, hapo hapo, wapigania uhuru wakanyongwa. Mkoloni alilielewa swali hilo kuliko walimu wangu.